Vifaa vya ajabu vinavyosahaulika mkobani

Msomaji mmoja wa Moshi, ambaye kwa miezi minane sasa amekuwa msimulizi wa kampeni (hadithi ndefu ya vikao vingi) ya mchezo wa kuigiza wahusika mezani, ambamo msimulizi huongoza hadithi, kila mchezaji humwigiza mhusika wake na dadu huamua matokeo, akiwa na marafiki wanne wanaokutana kila Jumamosi jioni, ameniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Nimewapa wachezaji wangu vifaa vinne vya ajabu, na hakuna hata kimoja wanachokitumia: pete ya joto, mkuki wa ncha tatu unaoamuru samaki, upanga wenye nyongeza ya moja, na hirizi niliyoibuni mwenyewe ambayo huongeza mbili kwenye dadu yoyote mara moja kwa siku. Siku nilipowapa walifurahi, wiki ya pili wakawa wamesahau. Je, niviongezee nguvu, au nivitoe vyote nianze upya?" Anaeleza pia kwamba wanafuata kanuni za mchezo uitwao Dungeons & Dragons za toleo la 2014, na kwamba nchi waliyoibuni ina mlima mkubwa wa theluji uliochorwa kwa mfano wa Kilimanjaro, ambao wahusika wao wanakaribia kuupanda.

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kuishika meza moja kwa miezi minane, kwa sababu makundi mengi niliyoyaona hapa Arusha huvunjika kabla ya mwezi wa tatu. Jibu langu ni kwamba usivitoe, na wala usianze kwa kuviongezea nguvu. Nimevipitia vifaa vyako vyote vinne, na naona kwamba vina upungufu mmoja unaofanana: havimpi mchezaji jambo la kuamua. Mchezaji hukikumbuka kifaa pale anapolazimika kujiuliza kama akitumie sasa au akiweke, na kama akikitumia, ni nani atakayelipa gharama yake. Kifaa kinachofanya kazi chenyewe bila mwenye nacho kutamka neno ni sawa na msumari ukutani. Kazi yake inafanyika, lakini hakuna anayeutazama.

Dawa ya upungufu huo iko katika lugha yetu wenyewe, na nashangaa kwamba wasimulizi wengi wa Kiswahili huipita na kwenda kuitafuta mbali. Wazee wetu walipozungumza kuhusu hirizi, fingo lililofukiwa mlangoni au kago lililowekwa shambani, hawakuishia kusema kitu hicho kinafanya nini. Walisema pia kinataka nini: nani asikiguse, mwenye nacho ajizuie na nini, kikae wapi, na masharti yakivunjwa kutatokea nini. Masharti hayo ndiyo mwiko, na mwiko ndio unaokifanya kitu kiishi akilini mwa mwenye nacho hata wakati hakitumii. Kwa hiyo kila kifaa ninachokirekebisha hukipa mambo mawili tu, yaani kitendo ambacho mchezaji lazima akitamke kwa kinywa chake, na mwiko ambao anaweza kuuvunja akitaka. Mwiko usiovunjika haufai, kwa kuwa hapo uamuzi unakuwa umeondolewa tena.

Niseme pia kwamba natumia maneno "vifaa vya ajabu" kwa makusudi. Huku kwetu neno uchawi lina maana ya kumdhuru jirani, na nimewahi kumwona mzazi akimwondoa mwanawe mezani kwa sababu ya neno hilo tu, ingawa hadithi yenyewe haikuwa na ubaya wowote.

Nianze na pete, kwa sababu ndiyo yenye mengi ya kufundisha. Kwa mujibu wa kanuni za 2014, pete ya joto humfanya aliyeivaa apate nusu tu ya madhara ya baridi, na humkinga yeye pamoja na vyote alivyovaa dhidi ya ubaridi wa hadi nyuzi 50 chini ya sifuri kwa kipimo cha Fahrenheit, yaani karibu nyuzi 46 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Tena inadai kufungamana na mwenye kuivaa, yaani lazima kwanza ajiunganishe nayo ndipo imfanyie kazi, na kanuni hizo humruhusu mhusika mmoja kufungamana na vifaa vitatu tu kwa wakati mmoja. Hivyo mchezaji wako anatoa theluthi moja ya nafasi zake kwa ajili ya kitu ambacho hakimtaki afanye lolote. Jambo baya zaidi ni kwamba pete hiyo inafuta baridi, na baridi ndiyo kampeni yako. Ninyi mlio chini ya mlima mnafahamiana na wapagazi, na mpagazi yeyote atakueleza jinsi mwendo wa mwisho kuelekea kilele cha Kibo, mita 5,895, unavyoanza karibu saa sita ya usiku, watu wakihesabu hatua na vidole vikifa ganzi ndani ya glavu. Msimulizi aliye na mlima wa namna hiyo anahitaji kifaa kitakachowafanya wachezaji waongee kuhusu baridi usiku kucha, na pete yenu ya sasa inamwezesha mmoja wao kusema, "Mimi hainihusu," na mazungumzo yakaisha.

Ninapendekeza kwamba pete hiyo iwe inakula moto. Mwenye nayo akiisogeza kwenye moto unaowaka na kuiamuru, moto huo unazimika papo hapo, makaa yanapoa kama mawe ya mtoni, na pete inapata chaji moja, yaani nguvu ya kutumika mara moja. Inaweza kuhifadhi chaji tatu, si zaidi. Chaji moja inatosha kumpa mtu mmoja, awe mwenye pete au mwingine, usiku mmoja wa kulala bila kudhuriwa na baridi. Au kuupa mkono wa mwenye nayo joto la kuyeyusha barafu na kulainisha kufuli la chuma kwa muda wa pumzi kumi. Au kupunguza kwa nusu madhara ya shambulio moja la baridi dhidi ya mtu aliye karibu, na hili la mwisho liruhusiwe baada ya dadu za madhara kurushwa, ili mchezaji ajue anachokiokoa. Idadi ya tatu nimeichagua kwa sababu wahusika wenu ni wanne. Kila usiku wa mlimani kutakuwa na mtu mmoja asiye na joto, na hata mwenye pete mwenyewe hana haki ya kwanza kwa sababu tu iko kidoleni mwake. Mwiko wake ni kwamba haipaswi kulishwa moto wa mwenyeji bila ruhusa. Akiiba moto wa mtu, chaji inaingia lakini haitoki, na nafasi hiyo inabaki imeziba hadi arudi kwenye mafiga yale na mzigo wa kuni.

Pete kama hii niliijaribu mezani kwetu Njiro wakati wa masika yaliyopita. Wahusika walikuwa wamejibanza pangoni pamoja na bibi mmoja aliyekuwa akiwaongoza njia, na chungu cha viazi kilikuwa kimetoka kutengwa jikoni, tena kwa kuni za mwisho. Mbele ya mchezaji mwenye pete palikuwa na kete moja tu ya bao, kwa sababu huwa tunahesabu chaji kwa kete halisi zinazoonekana na kushikika. Nilipoeleza kwamba bibi ameacha kutetemeka, jambo ambalo kila aliyewahi kuelezwa habari za baridi kali anajua kuwa ni dalili mbaya kuliko kutetemeka kwenyewe, kijana huyo aliishika kete akaizungusha kati ya vidole bila kusema neno. Mwenzake akamwambia, "Ukimpa hiyo, wewe unalala na nini? Na ukiuzima moto upate nyingine, tunakula viazi vibichi." Walijadiliana kwa takriban dakika ishirini bila mimi kutia neno. Hatimaye alimpa bibi kete ile, akauzima na moto, na wote wanne wakala viazi vibichi gizani. Hakuna adui aliyetokea jioni hiyo, na bado hicho ndicho kikao ambacho kundi langu hukirejea mara nyingi zaidi.

Angalia kwamba katika marekebisho haya sikuongeza nguvu. Kwa hesabu ya kanuni pete mpya ni dhaifu kuliko ya zamani, kwa kuwa ya zamani ilikinga muda wote na hii inakinga mara tatu tu. Nimeibadilisha kutoka kitu kinachofuta tatizo kuwa kitu kinachogawa tatizo kati ya watu. Kipimo hicho kitumie kwa kila kifaa utakachobuni baadaye. Taa isiyozimika kamwe, mkoba usiokosa chakula, viatu visivyochoka: vyote hivyo vinafuta safari uliyoiandaa, na mchezaji anabaki na kitu kizuri kisicho na pa kutumika.

Mkuki wa ncha tatu una shida ya aina nyingine. Kanuni zinaupa chaji tatu. Kwa kila chaji mwenye nao anaweza kujaribu kumtawala mnyama mwenye asili ya kuogelea, naye mnyama hurusha dadu ya kujinusuru akihitaji 15 au zaidi, na kila alfajiri mkuki hurudishiwa chaji moja hadi tatu. Huo ni uwezo mkubwa kwa kampeni ya baharini, lakini kampeni yako iko mlimani. Tangu mchezo wa Dungeons & Dragons ulipotoka mwaka 1974 umekuwa na majedwali ya hazina ambayo msimulizi hurusha dadu akapewa kifaa, na jedwali halijui kama wahusika wako jangwani au kisiwani. Nadhani ndivyo mkuki huo ulivyokufikia. Ungeweza kuwateremshia wahusika ziwa, mfano wa Chala lililo ndani ya kreta upande wa Rombo, au bwawa kubwa la wavuvi kama Nyumba ya Mungu, lakini ukifanya hivyo utakuwa unaikunja hadithi nzima kwa ajili ya kifaa kimoja, na siku mtakapoondoka ziwani mkuki utalala tena.

Ni afadhali kuuleta mkuki mahali maji yalipo katika mlima wako. Wachagga wamechimba mifongo kwa vizazi vingi, mifereji inayoteremsha maji kutoka mabondeni hadi kwenye vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba zao, na mfongo si mtaro tu. Una zamu, una wajibu wa kuuzibua na kuusafisha, na una watu wa juu na watu wa chini wanaotazamana. Acha mkuki uendelee kuamuru samaki kama ulivyo, kisha ongeza kwamba kwa chaji moja mwenye nao anaweza kusimika mkuki katika mfereji wowote uliochimbwa kwa mikono ya watu na kuyageuza maji yaende anakotaka, kwa muda wote ambao amesimama ndani ya maji hayo akiushika. Uwezo huo unazima moto, unafurisha handaki la adui, unaokoa shamba lililokauka. Mwiko wake ni zamu. Akigeuza maji bila idhini ya wale ambao siku hiyo ni yao, mkuki unatii, lakini maji yanapofika chini yanafika na jina lake, na kila anayechota analisikia. Kwa kuurudishia chaji, achana na alfajiri. Chaji irudi pale mwenye mkuki anaposhinda siku nzima akizibua mfongo pamoja na wenyeji. Utaona kwamba hapo unapata vijiji, mabaraza na ugomvi wa mipaka bila kuandaa jambo jingine lolote.

Kuhusu upanga sina mengi. Dadu ya pande ishirini ina nyuso zenye uzito sawa, kila mmoja asilimia 5, na kwa hiyo nyongeza ya moja hugeuza pigo la kukosa kuwa la kupata mara moja katika kila marusho ishirini kwa wastani. Ikiwa mchezaji wako anashambulia mara 12 katika kikao, uwezekano wa nyongeza hiyo kubadilisha matokeo angalau mara moja ni kama asilimia 46, maana yake ni kwamba katika zaidi ya nusu ya Jumamosi zako upanga huo haugeuzi pigo hata moja. Unaongeza pia pointi moja ya madhara kwa kila pigo linalopata, na hilo lina faida, ila hakuna anayeliona. Iache nyongeza ilivyo, kisha useme kwamba upanga haukubali kukosa mara mbili: mwenye nao akimkosa adui, na pigo lake linalofuata likawa kwa adui yuleyule, anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Kwa anayehitaji 11 au zaidi ili apige, nafasi inapanda kutoka asilimia 50 hadi 75. Lakini akimwacha adui huyo na kumgeukia mwingine, adui aliyeachwa naye anapata dadu mbili dhidi yake mara moja. Sasa kila akikosa ana la kufikiria, hasa pale rafiki yake anapozidiwa upande wa pili wa uwanja.

Hirizi yako ndiyo iliyonifanya nifikiri kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu uliibuni mwenyewe na naona ulikuwa na nia njema. Kasoro yake ni kwamba inafaa popote, na kinachofaa popote hakina mahali pake. Mbili kwenye dadu yoyote, saa yoyote: mchezaji anaisubiri dadu iliyo muhimu kuliko zote, siku inaisha, kesho inaanza upya. Kama unataka iendelee kuwa ya namba, rekebisho dogo ni kuruhusu itumike baada ya dadu kuonekana na kabla hujatangaza matokeo, na kete ya bao iwe mbele ya mchezaji muda wote. Hilo pekee litaifanya itumike.

Hata hivyo ningependa uende mbali zaidi, na hapa nazungumza kwa unyenyekevu kwa kuwa wewe ni mtu wa Moshi na mimi ni wa Arusha. Mnalo jani la sale, ambalo hupandwa mipakani mwa vihamba, na ambalo mtu aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea anapoomba msamaha. Na aliyelelewa katika mila hiyo si rahisi alikatae. Sijapata kusoma katika kitabu chochote cha kanuni kifaa kilicho na uzito kama huo. Hebu hirizi yako iwe jani la namna hiyo, lisilo na namba kabisa. Mwenye nalo akilinyanyua mbele ya kiumbe yeyote mwenye lugha ambaye kundi hilo limemkosea, silaha zote zinashushwa hadi amalize kusema, naye lazima alitaje kosa lenyewe kwa maneno yake mwenyewe, mchezaji akizungumza mezani bila dadu. Akilitaja lote, kiumbe huyo hawezi kuwashambulia hadi jua la kesho litue. Akificha sehemu ya kosa, jani linakauka, na kiumbe huyo hatapokea tena jani lolote kutoka kwao. Jambo ninalolipenda kuliko yote ni kwamba jani lililopokelewa halirudi. Linabaki kwa aliyesamehe, na siku moja yeye ndiye anaweza kulinyanyua mbele ya wahusika wako, akiwa na kosa lake la kukiri.

Uliza kwanza. Kama kuna mchezaji ambaye kwao jambo hili ni zito kiasi cha kutofaa mchezoni, libadilishe jina na umbo, uliite ua la mlimani au uzi mweupe, na kanuni zibaki zilezile. Na usilete sale halisi mezani kama pambo. Andika kwenye kipande cha karatasi.

Kuhusu namna ya kuyaingiza mabadiliko haya, usiwatangazie wachezaji kwamba vifaa vyao vilikuwa vibaya na sasa umevitengeneza. Zungumza na kila mmoja peke yake kabla ya kikao, mwonyeshe kifaa kipya kama kitu kilichoamka, na umwombe kibali cha kukijaribu kwa vikao vitatu, baada ya hapo mtakaa pamoja mkipunguze au mkiongeze. Makubaliano hayo yanakulinda, kwa sababu hakuna anayeweza kukadiria kifaa kwa usahihi mara ya kwanza. Mkuki wangu wa kwanza wa maji ulikuwa hauna sharti la kusimama majini, na mchezaji mmoja aliuchomeka akaenda zake, mfongo ukageuka kwa siku tatu. Kwa upande wa kufungamana, pete na mkuki viendelee kudai nafasi zao, kwa kuwa sasa vinazistahili, ila jani lisidai nafasi yoyote. Na katika kila kikao weka pahali pamoja ambapo kifaa fulani kinaweza kutumika, bila kupafanya kuwa mlango unaofunguliwa na ufunguo huo peke yake, maana mchezaji akihisi kwamba umemlazimisha, uamuzi utakuwa wako tena.

Usibadilishe vyote vinne Jumamosi moja. Kwa kuwa wahusika wako wanakaribia kupanda mlima, anza na pete. Mpe mchezaji kete tatu mkononi kabla hamjaanza, mweleze kwa sauti ya chini jinsi zinavyopatikana na jinsi zinavyotumika, na usiku wa kwanza juu ya msitu, watu wanne wakiwa wamekaa kuzunguka chungu, waambie kwamba kuni zilizobaki zinatosha moto mmoja.